Kilemba cha Bei ya Kwanza

Hapo zamani, katika mji ambao hata chumvi haikununuliwa mpaka watu wapayukiane kwanza, alikuwako Sultani Zaharani, bingwa wa kupatana bei, na aliyemsifu zaidi kwa ubingwa huo alikuwa yeye mwenyewe. Siku moja akaapa mbele ya kadhi wake, na mji mzima ukasikia: "Siku nitakayokubali bei ya kwanza ya muuzaji, nitavua kilemba changu nimvike yeye."

Basi ikawa Sultani anataka kupanua banda la farasi wake, na ubavuni mwa banda palikuwa na kijumba cha Mbwarali, msuka mikeka, fukara asiye na kitu ila mke, kijumba kile na maneno. Akaitwa barazani. Njia nzima mkewe, Mwanashehe, alilia waziwazi, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kulala. Mbwarali naye aliogopa, ila ulimi wake haukuwa na habari ya woga huo.

"Nyumba yako bei gani?" akauliza Sultani, keshajiweka sawa kitini kumbana hata atoe kilio.

"Bure, bwana wangu."

Sultani akapiga paja. "Nimekubali! Mmeona? Wengine nawashusha kwa maneno, huyu nimemshusha kwa kumtazama tu!"

Kadhi akakohoa. Mbwarali akainama kwa adabu.

"Seyyid yangu, umeniuliza bei, nami nimeitaja, nawe umeikubali kama ilivyo. Naomba kilemba."

"Mwendawazimu we! Bure ningeipunguzaje?"

"Ungedai nyongeza, bwana. Mikeka miwili ningekupa. Ungenibana, ningetoa mitatu."

Baraza zima likainamisha nyuso, mabega yakitikisika. Sultani akamtazama kadhi, kadhi akatazama dari. Ikawa jasho linamtoka bwana mkubwa, maana kukaa kichwa wazi mbele ya raia ni fedheha isiyosahaulika.

"Haya," akanong'ona, "niachie kilemba changu. Wataka nini?"

"Nyumba yangu, bwana, na hati yenye muhuri wako kwamba haitaguswa."

"Nimekubali!" akasema Sultani upesi. Hati ikaandikwa, naye akaigonga muhuri kwa mkono wake.

Mbwarali akaikunja hati, akaitia kibindoni, kisha akasimama pale pale, hana haraka.

"Wangoja nini tena?"

"Hiyo nayo ilikuwa bei ya kwanza, bwana wangu."

Sultani akaangua kicheko hata machozi yakamtoka, akakivua kilemba mwenyewe. Na Mwanashehe, aliyekuwa akingoja langoni, aliona kwanza kilemba cha hariri kikija, ndipo akamwona mumewe chini yake.