Msumari wa Ambwene

Karamu haina zamu, ila ina mwenyewe. Bupe ameambiwa hivyo leo na meneja, alipouliza kwa nini lazima avae aproni ya kiwandani juu ya gauni lake jipya la Krismasi. Nimemwona alivyonuna. Gauni ni zuri kweli, na mimi ningekuwa na umri wake ningenuna kumzidi. Basi sogeeni hapa barazani, wewe Bupe, na Gwakisa, na ninyi wengine mlioajiriwa mwaka huu. Mvua haijakatika na nyama haijaiva. Mmeniuliza neno hili lilianza wapi. Halikuanzia mbali. Lilitoka kinywani mwangu, na siku niliyolisema sikuwa natunga methali. Nilikuwa namtafuta mume wangu.

Mume wangu aliitwa Ambwene. Alikuwa akichochea moto wa tanuri katika kiwanda hiki hiki cha chai, na mimi nilikuwa mchumaji. Hakuwa msemaji. Ungemuuliza jambo asubuhi, jibu ungelipata jioni, tena la neno moja. Lakini alikuwa na mluzi. Akimaliza zamu alishuka kilima kile anapiga mluzi, nami nikiusikia tu naweka maji ya ugali motoni. Anapofika mlangoni maji yanachemka. Hatukuwahi kupatana kufanya hivyo. Ilitokea tu, ikawa desturi ya nyumba yetu.

Ule ubao wa misumari mnaouona pale mlangoni ulikuwepo tangu wakati huo. Kila mfanyakazi alikuwa na msumari wake, kama mlivyo nao leo. Ukiingia kazini unachukua aproni yako, ukitoka unaitundika. Msimamizi wa zamu hafungi mlango mpaka aone misumari yote imejaa. Msumari ukiwa mtupu, mtu bado yumo ndani, na msimamizi atamtafuta kila chumba hata kama njaa inamuuma. Tulimwamini yule msimamizi kwa sababu ya ubao, wala si kwa sababu ya sura yake, maana sura yake ilikuwa kali.

Meneja wa siku zile, Bwana Kyando, alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo na moyo wangu unakubali, ingawa ulichelewa kukubali. Alipenda watu wake wafurahi. Mwaka ule akatangaza karamu kubwa ya mkesha wa Krismasi, ianze mchana hapa hapa uwanjani. Akasimama mbele ya watu akasema, "Leo hakuna zamu, hakuna msimamizi, hakuna bosi. Wote ni wageni." Watu wakampigia makofi. Hata msimamizi mwenye sura kali alipewa chupa akaambiwa akae.

Palikuwa na ndizi za nyama, soda na bia, na vyungu vya kimpumu. Ninyi wa siku hizi labda hamjui kimpumu kinavyotaka kuhudumiwa. Ni pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mirija, na chungu lazima kiongezwe maji ya moto kila mara. Mvua ilikuwa ikinyesha kama leo, kwa hiyo jiko la mkaa likawekwa ndani, kwenye chumba cha tanuri, na Ambwene akaombwa awe anachemsha maji. Nani mwingine? Moto ulikuwa kazi yake. Wenzake walikuwa wageni, yeye siku ile alikuwa kazini, ila hakuna aliyeona hivyo, kwa sababu hakuvaa aproni.

Bwana Kyando akaondoka mapema. Alifikiri bosi akiwepo watu hawachezi kwa raha, na kweli hawachezi. Magharibi ilipokaribia, lori likawapakia waliotaka kupanda, wengine wakaondoka kwa miguu, kila mtu kivyake. Mlinzi akaja kufunga. Akautazama ubao kama alivyozoea. Aproni zote zilikuwa zimetundikwa, tangu jana yake hazikuguswa. Misumari imejaa, kwa hiyo watu wametoka. Akafunga madirisha kwa nje ili mvua isiharibu chai, akafunga milango, akaenda kwenye kibanda chake na moyo mweupe.

Mimi sikuwepo karamuni. Mwanetu Sekela alikuwa na homa, nikabaki naye nyumbani. Jioni nilikaa nikisikiliza. Nilisikia lori likipita, nikasikia watu wakiimba barabarani, kisha mvua peke yake. Maji niliyaweka motoni, yakachemka, yakapungua, nikaongeza mengine. Mwishowe nikajipa moyo kwamba amekwenda kulala kwa kaka yake upande wa juu, maana mto wetu ukijaa haupitiki.

Asubuhi ya Krismasi, mto ulipopungua, nikambeba Sekela mgongoni, nikapanda kwa kaka yake. Hakuwepo. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa meneja. Nilimkuta mlangoni amevaa suti, anakwenda kanisani.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mama Sekela. Heri ya Krismasi."

"Namtafuta baba Sekela. Jana hakurudi."

Akatabasamu kidogo. "Atakuwa kwa jamaa zake. Jana watu walifurahi, mama."

"Kwa kaka yake ndiko nitokako. Nani alitoka wa mwisho kiwandani?"

"Sijui. Mimi niliondoka mapema, wapate kucheza bila kuniogopa."

"Msimamizi je?"

"Jana haikuwa zamu, mama. Hapakuwa na msimamizi. Kila mtu alikuwa huru kuondoka anapotaka. Siwezi kuwafuata watu wazima mpaka vitandani mwao."

Mtoto alikuwa analia mgongoni. Sikupandisha sauti, sikuwa na nguvu hiyo. Nikamwambia, "Siku ya zamu nikimkosa mume wangu namuuliza msimamizi. Jana umesema hapakuwa na msimamizi. Basi nimuulize nani? Karamu haina zamu, bosi, ila ina mwenyewe. Wewe ndiye uliyewaita."

Akavua kofia yake, akasema, "Ngoja nichukue funguo."

Tulimkuta chumba cha tanuri. Alikuwa ameegemea ukuta kando ya jiko, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri birika lichemke. Mkaa ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Ninyi ni watu wa baridi, mnajua mkaa unavyoua chumba kikifungwa. Hauna kelele. Ndani ya koti lake palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba, na ndani ya jani ndizi na nyama. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Ambwene alikuwa ameniwekea langu.

Bwana Kyando alipiga magoti pale pale na suti yake. Hakusema hakujua, wala hakumtupia lawama mlinzi. Kwenye mazishi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi niliwaita, mimi nikaondoka." Tangu mwaka uliofuata, anayeandaa karamu hanywi na haondoki. Anaweka kiti chake karibu na ubao. Kila mgeni anavaa aproni, awe amevaa suti au gauni la harusi, na lori haliendi mpaka misumari ijae. Mameneja wamebadilika, kiti kimebaki.

Baada ya msiba nililetewa aproni ya Ambwene. Ninayo nyumbani, bado ina harufu ya moshi nikiiweka karibu na uso. Msumari wake hakupewa mtu mwingine. Ni ule wa chini, kushoto, ulioshika kutu. Ndiyo maana kila mwaka mnaniona nakuja, mimi mzee nisiyefanya tena kazi hapa. Karamu ikiisha nasimama nyuma ya kiti cha meneja, natazama aproni zinavyorudi moja moja, mpaka ubao wote unajaa, isipokuwa pale. Na sheria ya ubao mnaijua. Msumari ukiwa mtupu, mtu bado yumo ndani. Najua nilimzika, wanangu. Lakini nikisimama pale nasikiliza kilimani, na nikifika nyumbani naweka maji motoni.

Haya, nyama imeiva, naisikia harufu. Bupe, funga hiyo aproni vizuri, gauni litaonekana tu. Mkimaliza kucheza mkatundike, kila mmoja kwenye msumari wake, asimtundikie mwenzake. Meneja yule pale kwenye kiti, hajagusa kinywaji, na hataondoka kabla yenu. Karamu haina zamu, ila ina mwenyewe.