Bi Kidawa Ndani ya Mti

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mti wenye mlango wa udongo!

Haya, sogeeni. Na wewe unayepiga miayo huko nyuma, nenda kalale. Hadithi yangu haitaki usingizi.

Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa wakisema na watu wakiwajibu, alikuwako Hondohondo na mkewe, Bi Kidawa. Mnaijua ada ya hondohondo? Jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti. Mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki ufa tu wa kupitisha mdomo. Humo hukaa na makinda mpaka waote manyoya, na mume ndiye anayewalisha wote.

Basi Bi Kidawa akaingia, mlango ukazibwa, akatotoa makinda wawili. Kazi ya mumewe ikawa kuruka na kurudi, kuruka na kurudi.

Siku moja akaleta makuyu mabivu. Papo hapo akapita Chiriku, yule ndege asiyejua kufunga mdomo.

"We Bi Kidawa! Mwenzio wa mti wa pili leo kaletewa panzi!"

Bi Kidawa roho ikamruka. "Baba watoto, makuyu tena? Mwenzangu anakula panzi!"

Mume hata hakutua. Akaruka, akaleta panzi.

Chiriku huyo! "Bi Kidawa! Mwenzio leo kaletewa konokono!"

"Baba watoto, panzi gani hawa, miguu mitupu! Mwenzangu anakula konokono!"

Mume hakutua. Akaruka, akaleta konokono.

Chiriku huyo! "Bi Kidawa! Mwenzio leo kaletewa mjusi!"

"Baba watoto, umesikia?"

Akaruka tena, safari hii mpaka bonde la mbali. Alikuwa amekonda, manyoya ya mkia yamepukutika. Na mkewe kule ndani hatulii. Anageuka huku, anageuka kule, anatega sikio. Chakula ki mdomoni, yeye anawaza cha jirani. Mnacheka, nyinyi wanaume? Ngojeni kwanza.

Jua likapanda, Hondohondo hakurudi. Jua likashuka, hakurudi. Makinda wakalia, wakalia, mwisho sauti zikawaisha.

Bi Kidawa akabandika jicho kwenye ufa. Jani likitikisika, moyo unamshtuka. Kumbe si yeye. Auvunje mlango? Nyoka angeingia akawameza wanawe. Akaogopa, akaogopa sana. Ndipo alipokumbuka kwamba makuyu aliyatazama, panzi aliwatazama, konokono alimtazama, lakini aliyewaleta hakumtazama hata mara moja. Akalia.

Kulipokucha, kitu kikakwaruza udongo. Mdomo ukaingia, umebeba kuyu moja, dogo, limenyauka.

"Mama watoto, niwie radhi," Hondohondo akasema. "Tai alinifukuza kule bondeni, nikajificha kwenye miba, bawa likachanika. Nimepata hili tu."

"Asante, mume wangu," Bi Kidawa akasema. "Asante kwa kurudi."

Akaligawa lile kuyu, makinda wakala, yeye akalamba maji yake. Wallahi, hakuwahi kuonja kitu kitamu vile.

"Sasa tua upumzike," akamwambia. "Ukipata nguvu, makuyu ya hapahapa yatatutosha."

Hondohondo akatua tawini. Tangu mlango uzibwe hakuwahi kutua hapo. Machozi yakamtoka.

Mara, Chiriku huyo! "Bi Kidawa! Bi Kidawa! Mwenzio leo kaletewa nyenje wanono!"

"Na ale, ashibe," Bi Kidawa akajibu. "Mimi leo nimeletewa mume wangu."

Basi wanangu, asiyeshukuru hula asione ladha, hulala asipate usingizi, na anayemhangaikia humchosha bure. Shukuruni kwa mlichonacho, na zaidi mshukuruni aliyekileta, angali anaweza kuwasikia.

Hadithi yangu imekoma hapo. Utamu wake nendeni nao nyumbani, uchungu wake niachieni mimi.