Mizinga ya Kabula

Mwaka ule moto wa kiangazi uliua miti yote ya mlimani, na Masanilo, tajiri wa mbao, akaja na misumeno yake. Kabula, mrina asali aliyeishi chini ya mteremko, alijua masika yakikuta mlima mtupu, tope lingeingia kwake bila hodi.

"Mama, mti uliokufa wa nini?" Masanilo alimcheka mbele ya kijiji. "Unaziba njia, na moto mwingine ukija unakuwa kuni."

"Magogo yaliyoanguka ni kweli, baba. Nipe hayo niyaondoe mwenyewe."

"Mabovu yale? Chukua yote! Mimi nataka miti iliyosimama."

"Na desturi yetu? Mti wenye mzinga haukatwi."

"Si una mizinga miwili tu? Mti wenye mzinga sitaugusa, kijiji kizima ni shahidi. Naanza baada ya wiki mbili."

Siku ilipofika, wakataji walisimama vinywa wazi. Kwenye kila mti uliosimama ulining'inia mzinga.

"Umeitoa wapi yote hii?" Masanilo alifoka.

"Kwako, baba," Kabula alijibu, akijipangusa vumbi la mbao. "Gogo bovu halisumbui kuchonga. Katikati lilishaoza lenyewe."