Magogo Mawili Shambani kwa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wakati mimi nina meno yote, na wewe unayecheka nyamaza, Bi Pimbi alipanda ulezi mteremkoni. Ilikuwa mbegu yake ya mwisho. Mwaka uliotangulia mvua ilishuka, shwaaa! Udongo na mbegu vyote vikaishia mtoni, na watoto wake wakalala njaa.

Safari hii akawaendea majirani. "Jamani, nisaidieni magogo mawili tu, yakingame shambani yazuie maji."

"Vikazi vya wadogo hivyo," Tembo akajibu, akijipepea kwa masikio. Nyati alipiga chafya tu, chyaa!

Iliuma, nisiwadanganye. Lakini Pimbi huyo! Kesho yake akarudi kwa Tembo.

"Shikamoo mzee. Nyati anasema eti huwezi kulaza gogo mteremkoni likatulia."

"Nani? Mimi?"

Mbio, mpaka kwa Nyati. "Shikamoo mjomba. Tembo anasema eti..." Mnajua alichosema!

Asubuhi wote wawili hao shambani, wanahema kwa hasira.

"Mwamuzi ni mvua," Bi Pimbi akasema. "Gogo likisogea, mwenyewe kashindwa."

Puu! Tembo akalaza lake juu. Puu! Nyati akalaza lake hatua chache chini zaidi mteremkoni. Wakapigilia vigingi, ko! ko! ko!

"Mzee, mbona chini ya gogo lako kuna uwazi?" Bi Pimbi akauliza kwa upole. "Maji si yatapita hapo, yalisukume?"

Tembo akakimbilia nyasi kavu, akaziba. Nyati kuona vile, akaleta nyasi mara mbili, nyingine akazitandaza shamba zima ili maji yasilifikie gogo lake kwa kasi.

Mvua ikanyesha siku tatu. Maji yakafika kwenye magogo, yakapunguza mbio, yakaacha udongo palepale, na hakuna gogo lililosogea. Baada ya wiki ulezi ukachipua, kijani tupu.

"Nani kashinda?" Nyati akauliza.

"Ulezi," Bi Pimbi akajibu.

Tembo akautazama ule ulezi, akawatazama watoto wa Pimbi wakirukaruka. "Wee Pimbi! Kumbe umetufanyisha kazi!"

"Basi ng'oeni magogo yenu, wazee wangu. Atakayeanza kung'oa, lake ndilo lililosogea."

Tembo akamwangalia Nyati. Nyati akamwangalia Tembo. Hakuna aliyegusa kitu, na watoto wa Pimbi mwaka ule walikula uji mpaka wakabakiza.

Haya, shikeni hili: ukijaa majivuno, mwenye akili atakutuma kazi nawe utadhani unashindana.