Lango Wazi Kwenye Ngao ya Mji

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Waholanzi, nchi iliyo chini kuliko bahari, palikuwa na mji wenye kuta na lango moja. Juu ya lango ilitundikwa ngao ya mji, ndiyo nembo yake: simba mwekundu ameshika upanga, anatazama ng'ambo ya mto, kwenye mji wa maadui.

Ndani ya mji aliishi Bibi Machteld. Mwanawe wa pekee, Govert, aliuawa vitani na watu wa ng'ambo. Tangu hapo bibi alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake.

Siku moja bahari ikachafuka. Vuuu! Vuuu! Tuta la ng'ambo la kuzuia maji likapasuka. Puu! Mashamba yakazama. Nyumba zikazama. Watu wa kule wakapanda mashua, wakaja langoni, wakagonga. Ngo! Ngo! Ngo!

"Tufungulieni! Tuna watoto!"

Diderik, mkuu wa walinzi, akasema, "Asifungue mtu. Hawa ndio waliotuulia vijana wetu."

Watu wakamtazama Bibi Machteld, kwa kuwa yeye ndiye aliyefiwa na mwana wa pekee. Moyo wake ulimwambia, waache. Mara akasikia kichanga kinalia huko nje. Ngaa! Ngaa! Bibi akajikongoja, akajikongoja, akafika langoni, akashika komeo.

"Bibi," Diderik akasema, "umemsahau Govert?"

"Sijamsahau, mwanangu. Naye alilia hivihivi siku niliyomzaa. Njoo unisaidie, komeo hili zito."

Machozi yakamtoka Diderik. Wakalivuta pamoja. Kriii! Lango likafunguka.

Nyumba ya bibi ilijaa wageni, hata hapakuwa na pa kukanyaga. Mama mmoja akampa kile kichanga. Bibi akakipakata, akakiimbia mpaka kikalala.

Maji yakapungua, wageni wakarudi kwao, na miji ile haikupigana tena. Bibi alipofariki, watu wa pande zote mbili walibeba jeneza lake. Wakamshusha simba, wakachora ngao mpya: lango lililo wazi, na mkono wa mwanamke umeshika komeo. Watoto walipouliza, "Mkono wa nani huu?" waliambiwa, "Wa bibi yetu."

Basi wanangu, ukifiwa, lia. Lia sana. Lakini usimfungie mlango anayezama.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye yake na atusimulie.