Kibali Kimoja cha Kulima Bangi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi aukalie. Kisa hiki mimi nakijua mwanzo na katikati. Mwisho wake mnao ninyi.

Palikuwa na kijiji kiitwacho Itangara, juu milimani, katika nchi ambayo bangi ilikuwa haramu kwa sheria na riziki kwa mazoea. Mahindi yalistawi, lakini barabara haikuwapo. Yalioza ghalani kabla hayajamwona mnunuzi. Bangi ilifuatwa hukohuko shambani. Ndiyo iliyowanunulia watoto sare za shule, na ndiyo iliyowapeleka baba zao gerezani.

Hapo waliishi watu watatu wenye vipaji. Wankuru, mjane, alikuwa na mkono: alichokipanda kiliota hata kwenye kokoto. Magige, mpagazi wake, alikuwa na kifua: neno likiingia humo halitoki, hata kwa bakora. Na Nyangi, mwanamke aliyekuwa sajini wa polisi, alikuwa na ulimi: aliposema, hata waliompinga walisogea wamsikie.

Mwaka mmoja serikali ikapania. Askari wakapanda mlima na mapanga na mafuta ya taa, wakachoma mashamba yote. Watu walilia. Wankuru hakulia. Mbegu ya Itangara, ile ambayo wazee waliichemshia wagonjwa wenye maumivu makali, alikuwa ameshaihamishia kwenye nyufa za miamba huko juu, akainywesha kwa maji ya ndoo kichwani, kiangazi baada ya kiangazi. Mgongo wake ukapinda. Alipoulizwa anahangaikia nini, alijibu, "Sheria hutungwa na watu, na watu hubadilika. Mbegu ikishapotea, hairudi."

Magige ndiye aliyejua njia ya kwenda huko juu. Siku moja alikamatwa na gunia begani, na aliyemfunga pingu alikuwa Sajini Nyangi mwenyewe.

"Ndugu yangu," Nyangi akamwambia, "taja mwenye mbegu, ukalale kwako leo."

"Afande, jina ninalolijua ni langu."

Wakampiga, akanyamaza. Wakamwahidi, akanyamaza. Hakimu akamfunga miaka mingi. Akiwa ndani, mama yake akafariki, akazikwa bila yeye kutia udongo. Usiku ule aliliuma blanketi ili wenzake wasimsikie.

Nyangi naye akaendelea kukamata, mpaka kukamata kukamchosha. Ikaja tume kutoka makao makuu kukusanya maoni juu ya sheria ile. Wakubwa wake wakamtuma akaitetee. Akasimama na sare yake, viatu vinang'aa, akasema:

"Nimewafunga wapagazi na wajane. Mwenye biashara kubwa sijamwona hata kisigino. Tunachoma mwaka huu, mwakani inaota. Kodi ya bangi inalipwa kila siku, ila inalipwa mfukoni mwa askari, nami nawajua. Mchuuzi wa kichochoroni hamuulizi mtoto ana umri gani. Mwenye duka la leseni atamuuliza, maana anaogopa kufungiwa. Mkiihalalisha, mtaipima, mtaitoza kodi, mtajenga zahanati. Mkiikataza, mtajenga magereza tu. Na chakula cha wafungwa nani anakilipia, kama si ninyi mnaonisikiliza?"

Ukumbi ukalipuka. Kesho yake Nyangi akafukuzwa kazi, na kiinua mgongo kikaenda na maji. Lakini maneno yake yakasambaa nchi nzima, na mwishowe sheria ikabadilishwa. Milango ya gereza ikafunguliwa.

Magige akarudi kwa miguu. Wankuru akamlaki njiani, akamshika kwa mikono miwili.

"Ungenitaja, mwanangu, ungemzika mama yako."

"Ningekutaja, mama, leo tungepanda nini?"

Furaha ikajaa Itangara, mpaka alipofika afisa kilimo na habari yake. Kila kijiji kinapewa kibali kimoja, cha jina moja, ili jambo likiharibika ajulikane wa kuulizwa. Mwenye jina ndiye mwenye shamba na faida. Wengine watakuwa vibarua wake. Na kijiji kisipotaja mtu siku hiyohiyo, kibali kitakwenda kwa kampuni ya mjini.

Mkutano ukaitishwa. Hakuna aliyejificha nyuma ya unyenyekevu.

"Nipeni mimi," Wankuru akasema. "Bila mbegu, kibali ni karatasi. Wenzangu walipokata tamaa, mimi nilipanda mlima."

"Nipeni mimi," Nyangi akasema. "Mbegu yenu ilikuwa ushahidi wa mahakamani mpaka niliposema. Kazi yangu nimeipoteza kwa ajili yenu. Kwangu hakuna mshahara wala shamba."

Magige akamtazama Nyangi mikononi. Mikono ileile iliyomfunga pingu. Kwa miaka mingi gerezani aliichukia kuliko kuta. Lakini angekuwa bado ndani ya kuta hizo kama mwanamke huyu angenyamaza, naye alilijua hilo. Akasimama, akasema kwa sauti ya mtu asiyezoea kusema:

"Mama Wankuru alitoa jasho, na jasho hukauka. Afande alitoa kazi, na kazi hutafutwa nyingine. Mimi nilitoa miaka yangu. Anayeweza kunirudishia hata mmoja ainue mkono, nami nitakaa chini."

Hakuna aliyeinua mkono. Ila kikongwe mmoja akaguna, "Na mgongo wa Wankuru, nani ataunyoosha?" Mwingine akadakia, "Na asingesema Nyangi, ungetuhutubia ukiwa wapi, Magige?"

Wakapiga kura, zikalingana. Wakarudia, zikalingana tena. Afisa kilimo akafungua kalamu, akatazama jua likiteremka, akasema, "Jina, wananchi. Nipeni jina niende."

Magige, Wankuru na Nyangi wakageuka pamoja, wakautazama umati, wala hakuna kati yao aliyeinamisha macho.

Haya, kalamu imeshafunguliwa, na umati wenyewe ndio ninyi mlioketi hapa. Wewe ungemtajia afisa jina la nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini?