Treni Haina Pembeni

Treni haina pembeni. Mwenye usukani ndiye apishe.

Babu Mgonja aliitupa methali hiyo mlangoni pa mashine ya kusaga, pale kijana mwenye gunia la unga mgongoni na mwenzake mwenye debe tupu walipokutana uso kwa uso, kila mmoja akisubiri mwingine arudi nyuma. Wakamwuliza ameitoa wapi. Akawaambia methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na dereva wa lori la vitunguu, jina lake Shekalaghe, mtu mwema, ila barabarani alikuwa hajui neno kupisha. Njia yake ilipita Kitelezi, mahali ambapo milima miwili imetazamana kama mabondia, na reli imepita katikati kama refa.

Madereva wa njia ile walikuwa na desturi yao. Wakifika kilele cha mlima wa kwanza, hutoa gia na kuliacha lori liporomoke lenyewe, ili mwendo ule ulivushe reli na kulipandisha nusu ya mlima wa pili bure, dizeli ikisinzia. Ukisimama kabla ya reli umejiponza: mlima wa pili utaupanda kwa gia ya kwanza, lori likikohoa, wenzako wakikucheka mpaka mjini. Kibao cha kusimama kilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kuegemewa na wauza mahindi ya kuchoma.

Shekalaghe alizidi wote. Akiiona treni hupiga honi, nayo huonekana kama inajikongoja ili apite. "Inanijua," alijigamba. Kumbe nyakati hizo treni ilikuwa ikipanda mwinuko na mzigo wake. Hata kobe angejiona anaogopwa.

Siku moja alimbeba Mama Nakijwa, mama mkwe wake. Mke wa Shekalaghe alikuwa amejifungua mjini mtoto wao wa kwanza, na wawili hawa walikuwa bado hawajamwona. Kwa kuwa kwao mtu hambishii mkwe wala hamkodolei macho, safari nzima Shekalaghe alizungumza na kioo cha mbele.

Kileleni akatoa gia kama kawaida. Lori likashika kasi. Upande wa kushoto treni ikatokea, na safari hii ilikuwa inateremka, mabehewa matupu, inakuja mbio. Akapiga honi. Ikajibu kwa honi yake, isipunguze hata kidogo.

"Mkwe," alisema Mama Nakijwa, taratibu kama anayeomba chumvi, "lile linaweza kukata kona?"

"Haliwezi, mama. Lakini litanipisha, linanijua."

"Na hili letu?"

"Letu lina usukani, mama."

"Basi lenye usukani lipishe. Mjukuu nataka nimwone mwenyewe, nisisimuliwe na waliofika."

Shekalaghe alitaka kusema watawahi. Maneno yakamfika mdomoni yakakuta mkwe amekaa mlangoni. Akakanyaga breki, lori likapungua, lakini kwa mteremko ule na mzigo ule, halikusimama. Reli ikawa mbele ya pua. Akakata usukani, akaiacha lami na kuingia shamba la mihogo, magunia yakiruka nyuma kama vyura. Lori lilipozama kwenye matuta na kutulia, treni ilikuwa inapita, upepo wake ukiwapiga usoni dirishani.

Mwenye shamba akaja na jembe begani, akalitazama lori, akaitazama mihogo yake.

"Umelima vizuri, ndugu yangu. Ila ungeniuliza nilitaka tuanzie wapi."

Mama Nakijwa akaangua kicheko, na Shekalaghe akajikuta anacheka naye. Wanakijiji walisaidia kulisukuma lori, wakarudisha na vitunguu vilivyomwagika, mwenye mihogo akaondoka na gunia moja la fidia. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika mjini, na Mama Nakijwa akampakata mjukuu wake.

Habari ilikuwa imeshatangulia kwenye kibanda cha chai cha madereva.

"Bwana Sipishi," mmoja akamchokoza, "tunasikia leo umempisha mtu. Uliumwa?"

"Niliambiwa na mkwe."

"Alikuambiaje?"

Shekalaghe akaweka kikombe chini. Hakuna aliyecheka alipomaliza kueleza, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtu anayemsubiri ng'ambo ya Kitelezi. Tangu hapo malori yakaanza kusimama penye kibao kabla ya reli, yakapanda mlima wa pili kwa gia ya kwanza yakikohoa, na dereva mwenye haraka akinung'unika, wenzake humjibu:

Treni haina pembeni. Mwenye usukani ndiye apishe.